VILULU VIDOGO VYA MAUA YETU: TUULIZE MAJI KWANZA



Wanaotengeneza gazeti letu waliniomba niandike juu ya kazi za salongo. Mimi nimechagua kuandika neno moja tu la salongo, ndilo neno la vile vilulu vidogo vyeusi vilivyotusumbua katika mwezi wa 10 na wa 11. Kila mtu alitoa maelezo yake. Na mimi kapita wenu nilitoa yangu, tena kwa sauti ya juu, na hayakuwa ya kweli. Mtu mmoja aliumia kwa sababu yake. Basi nimeona ni vizuri kueleza jambo lote ginsi lilivyokuwa, kusudi lisirudi tena, wala hapa shuleni wala kwetu nyumbani.

MAMBO YALIVYOTOKEA

Wote tunajua yale maua ya amarilisi yaliyo kwenye baraza ya biro na mbele ya kapela. Ni yale yenye majani marefu kama panga, yanayotoa ua kubwa jekundu juu ya mti mnene usio na majani. Yako 24. Zamani yalikuwa katika vyungu vya udongo, lakini vyungu vingi vilipasuka. Tuliporudi kutoka likizo kubwa, siku ya salongo ya kwanza, tuliyahamisha katika makopo ya maziwa ya unga. Mimi ndiye niliyeongoza kazi ile. Udongo tuliuchukua nyuma ya jikoni, pale wanapotupa maganda ya ndizi na mabaki ya sombe. Ulikuwa mweusi sana, tukafurahi. Tukapaka makopo rangi nyeupe, yakapendeza macho.

Baada ya majuma matatu majani yakaanza kuwa manjano. Nikasema: haya maua yana kiu. Kazi ya kuyapa maji ilikuwa ya mdogo wetu mmoja wa kalasi ya chini. Nikamwita, nikamwuliza juu ya nini anaacha maua yanakufa. Akanijibu: "Yaya kapita, niko namwanga maji kila siku. Udongo iko na maji mingi."

Sikutazama udongo. Nilitazama majani tu, nikaona mtoto anadanganya. Nikampa azabu: kwa majuma mawili amwange maji asubuhi na jioni, kila kopo kikombe kizima. Kikombe kile ni robo litre. Mara 24 ni litre 6. Bidoni yake ni ya litre 5, basi ilimpasa kushuka kwenye chemchemi mara mbili asubuhi na mara mbili jioni, na kupanda kilima na mzigo kichwani. Siku moja alifika kalasini akiwa amechelewa, interro ya hesabu imekwisha. Akapata sifuri.

Na maua? Yalizidi kuwa mabaya. Na wakati ule ule vilulu vikatokea. Kwanza vichache juu ya makopo, halafu vingi. Jioni vilifuata taa katika sala ya etidi, vikatembea juu ya kaye na kuanguka ndani ya vikombe vya chai. Wengine walisema vinatoka katika vyoo na vinaleta tifoide. Wengine walisema ni uchafu wa mama wa jikoni, na mama yule alisikia maneno hayo, akahuzunika sana. Mwenzetu mmoja, bila kuuliza mtu, alimwanga petroli ya taa katika makopo mawili. Vilulu vikaruka vikaenda kwenye makopo ya jirani. Yale maua mawili yakafa.

TULICHOKIONA NDANI YA KOPO

Papa anayetunza bustani ndiye aliyetufungua macho. Alichukua kopo moja, akaligeuza chini juu. Udongo haukutoka kama udongo, ulitoka kama uji, na ulikuwa unanuka. Akatuonyesha sehemu ya chini ya kopo: haina tundu hata moja! Tuliyapaka rangi vizuri, lakini hakuna aliyefikiri kuyatoboa.

Mwalimu wetu wa biolojia akaleta lupu. Katika udongo wa juu tuliona vifunza vyembamba sana, vyeupe, mwili kama kioo hata unaona chakula tumboni, na kichwa kidogo cheusi kinachong'aa. Hata mwenye macho mabaya alikiona kile kichwa. Mwalimu akasema: "Hawa ndio watoto wa vilulu vyenu. Havikutoka chooni wala jikoni. Mmevifuga wenyewe humu."

VILULU HIVI NI NINI?

Kwa Kifaransa huitwa mouches du terreau, maana yake mainzi ya udongo wa maua. Wenye elimu wanaviweka katika jamaa ya Sciaridae, na vile vinavyopatikana mara nyingi katika vyungu ni vya jenasi Bradysia. Kilulu kikubwa kina urefu wa milimita 2 hadi 4 tu. Ni cheusi au kijivu, chembamba, chenye miguu mirefu na pembe ndefu kichwani. Hakijui kuruka vizuri: kinakwenda kwa kuyumbayumba karibu na udongo, au kinakimbia juu yake.

Tusivichanganye na wengine. Mbu ana mdomo mrefu wa kunyonya damu; hivi havina, haviumi mtu, wala havileti malaria. Vile vinzi vya ndizi zilizoiva ni vinene zaidi, vina rangi ya kahawia na macho mekundu, navyo hukaa juu ya matunda, si juu ya udongo. Inzi ya chooni ni kubwa kuliko vyote hivi. Kwa hiyo maneno ya tifoide na ya jikoni yalikuwa maneno matupu. Mama wa jikoni hakuwa na kosa lolote.

MAISHA YAKE

Kilulu jike hutafuta udongo wenye unyevu na vitu vinavyooza. Hapo hutaga mayai, na anaweza kufikisha 100 au hata 200 katika maisha yake mafupi. Mayai hupasuka baada ya siku 3 hadi 6. Funza hukaa ndani ya udongo kwa majuma 2 hivi, hasa katika sentimita 5 za juu. Halafu hugeuka bubu, yaani hulala bila kula, siku 3 hadi 7. Kisha hutoka akiwa na mabawa, naye huishi juma moja hivi. Kutoka yai mpaka kilulu kipya ni majuma 3 au 4, kufuatana na joto. Kukiwa na baridi maisha haya yanakwenda polepole zaidi.

Sasa mnaelewa juu ya nini kupiga makofi hewani hakukusaidia. Ukiua vyote vinavyoruka leo, chini ya udongo kuna mayai, kuna funza, na kuna bubu. Kesho vingine vitatoka. Mtu anayetaka kuvimaliza sharti avumilie mwezi mzima, tena apigane na udongo, asipigane na hewa.

Funza hula nini? Chakula chake cha kwanza ni ukungu na majani yaliyooza. Ndiyo maana udongo wetu wa nyuma ya jikoni, wenye maganda ambayo hayajaoza kabisa, ulikuwa karamu kwake. Lakini wakiwa wengi, hula pia mizizi midogo. Pale wanapouma mizizi panabaki kidonda, na magonjwa ya kuozesha huingia kwa njia hiyo.

JUU YA NINI MAUA YA KITUNGUU YANAUMIA ZAIDI?

Amarilisi ni ua la kitunguu, ginsi tunavyosema bulbe kwa Kifaransa. Jina lake la elimu ni Hippeastrum, lililotolewa na Mwingereza William Herbert mwaka 1821, na asili yake ni Amerika ya Kusini. Hata sisi tuna maua ya namna hiyo katika pori zetu: lile jekundu la mviringo kama mpira, lenye nyuzi nyingi, linalotoka ardhini wakati wa mvua. Hilo ni Scadoxus multiflorus, nalo pia lina kitunguu.

Kitunguu ni ghala. Ndani yake ua limeweka chakula na maji ya siku nyingi, kusudi liweze kuvuka wakati wa ukame. Mmea wenye ghala namna hii hauogopi kiu ya juma moja. Unachoogopa ni kukaa ndani ya maji. Mizizi nayo inahitaji hewa. Maji yakijaza nafasi zote za udongo, hewa hutoka, mizizi hufa kwa kukosa pumzi, halafu kitunguu huanza kuoza kutoka chini.

Na hapa ndipo nilipokosa. Mmea ambao mizizi yake imeoza hauwezi tena kunywa. Majani yake hulegea na kuwa manjano sawasawa kama majani ya mmea wenye kiu. Kwa macho, magonjwa haya mawili yanafanana. Mtu anayetazama majani tu ataongeza maji, na kila akiongeza anaua. Kikombe cha robo litre, mara 2 kwa siku, kwa siku 7, ni litre 3 na nusu kwa juma. Kopo lenyewe lilikuwa na udongo wa litre 3 hivi, bila tundu! Vilulu vilikuja kwa sababu ya maji yale. Vilikuwa vinatuambia habari ya ndani ya kopo, na sisi tukawa tunavipiga.

DAWA YAKE

Haya ndiyo tuliyofanya. Hayataki franga nyingi.

1. Kupima. Weka kipande cha kiazi cha ulaya kibichi, kilichomenywa, juu ya udongo. Kiache siku 3 au 4, halafu kigeuze. Kama funza wako, utawakuta chini yake. Kitupe mbali pamoja nao, weka kingine.

2. Kutoa kitunguu na kukitazama. Kikung'ute udongo wote. Kibonyeze kwa vidole. Kikiwa kigumu, ni kizima. Kikiwa chororo na kinanuka, kata sehemu iliyooza mpaka ufike penye weupe safi. Kikioza mpaka moyoni, kitupe. Kilichokatwa kikauke kivulini siku chache kabla ya kupandwa.

3. Kutoboa kopo. Kwa msumari na nyundo, matundu 5 au 6 chini. Halafu kopo lisikae juu ya saruji moja kwa moja. Weka vijiwe viwili chini yake kusudi maji yapate njia. Kama kuna kisahani, mwanga maji yake kila mara. Maji yanayosimama katika kisahani yanaweza pia kuzaa mbu.

4. Udongo mpya. Tulichanganya udongo wa shamba sehemu 2, mchanga mnene sehemu 1, na mbolea ya majani iliyooza kabisa sehemu 1. Mbolea iliyooza kabisa hainuki, na huwezi tena kutambua hili lilikuwa jani gani. Kabla ya kupanda, tulimwanga maji ya moto sana juu ya udongo ule, tukaacha upoe na kuchuja maji. Hiyo inaua mayai na funza. Lakini angalieni: maji ya moto ni kwa udongo usio na ua bado!

5. Kupanda. Kitunguu kisifukiwe chote. Nusu ya juu, au angalau theluthi, ibaki nje. Kopo lisiwe kubwa mno. Upana wa vidole viwili pembeni ya kitunguu unatosha.

6. Mchanga juu. Tandika mchanga mnene wa mto, sentimita 1 au 2, juu ya udongo. Mchanga hukauka upesi, na kilulu jike hapendi kutaga pakavu.

7. Maji kwa kidole. Hii ndiyo sheria kubwa. Sogeza mchanga, ingiza kidole katika udongo mpaka kiungo cha pili. Ukisikia unyevu, usimwange kitu. Ukisikia pakavu, mwanga mpaka maji yatoke chini, halafu acha. Unaweza pia kusimamisha kopo ndani ya beseni yenye maji kidogo kwa nusu saa, maji yapande kutoka chini, udongo wa juu ubaki mkavu.

8. Karatasi ya manjano. Vilulu hivi vinapenda rangi ya manjano. Paka kikaratasi kigumu cha manjano mafuta ya vazelini, kisimamishe kwenye kijiti karibu na udongo. Vitanata. Hiki si dawa yenyewe, ni cha kupunguza na cha kuhesabu. Ukihesabu kila Jumamosi utajua kama unashinda au unashindwa.

Mwalimu alitueleza pia kwamba kuna bakteria iitwayo Bacillus thuringiensis israelensis, iliyopatikana mwaka 1976 katika jangwa la Negev, nchini Israeli. Inaua watoto wa mbu ndani ya maji na funza wa vilulu hivi ndani ya udongo. Mahali inapouzwa, watu huichanganya na maji ya kumwagilia. Sisi tulishinda bila hiyo.

MAMBO YA KUKATAA

Petroli, hapana. Inaua mizizi, na katika baraza ya mbao ni hatari ya moto. Dawa za shambani, hasa zile za chupa isiyo na maandishi tena, hapana kabisa, wala karibu na dortwari wala karibu na refektwari. Kilulu kisichoumiza mtu hakistahili sumu inayoumiza watu.

Na tena neno moja la ulinzi: kitunguu cha amarilisi kina sumu. Ukikila utatapika na kuumwa tumbo. Kinafanana na kitunguu cha mchuzi. Kwa hiyo wale waliotaka kukausha vitunguu vyetu kwenye dirisha la jikoni tuliwakataza. Tulivikausha nyuma ya biro, juu ya ubao. Na kila aliyevigusa alinawa mikono.

TULIFIKA WAPI?

Juma la kwanza, karatasi moja ya manjano karibu na mlango wa biro ilinasa vilulu 61. Juma la pili 48, na wengine wakaanza kusema kazi ni bure. Papa wa bustani akacheka, akasema: "Hawa walikwisha kuzaliwa zamani. Mungojee wale wa nyuma." Juma la tatu 22. Juma la tano 4. Leo katika sala ya etidi tunasoma bila kufunika vikombe.

Katika maua 24, yale 2 ya petroli yalikufa, na 3 yalikuwa yameoza mpaka moyoni. Yamebaki 19, na 6 yamekwisha kutoa majani mapya. Sasa yanapata maji mara moja kwa juma, na mara nyingine hata siku 10 zinapita. Kidole ndicho kinachoamua.

NENO LANGU LA MWISHO

Kuna mtu mmoja aliyejua ukweli tangu siku ya kwanza, kwa sababu ndiye aliyekuwa akigusa udongo kila siku. Alisema wazi: udongo iko na maji mingi. Mimi niliyekuwa mkubwa sikumsikiliza. Nilimpa azabu ya kufanya zaidi kile kile kilichokuwa kinaua maua, na kwa azabu ile alikosa interro. Nilikwenda kwa mwalimu wa hesabu nikaeleza kwamba kuchelewa kule kulitoka kwangu. Mwalimu alikubali afanye interro nyingine, naye alipata 14 kwa 20. Nilimwomba mdogo wangu msamaha mbele ya wenzake wa chumba. Hapa ninamwomba tena mbele ya shule yote. Na kwa mama wa jikoni, wale waliosema maneno mabaya waende wamsalimu, wamwambie neno zuri. Wanajijua.

Tumekubaliana na wakubwa wa kalasi zote: kabla kapita hajampa mtu azabu kwa kazi ya bustani, sharti aingize kwanza kidole chake mwenyewe katika udongo. Kazi ya maji haitakuwa tena ya mtoto mmoja. Itazunguka kalasi kwa kalasi, na finalisti wataanza. Juma hili ni zamu yangu. Mkiniona na bidoni kwenye njia ya chemchemi, msishangae.

Na wewe msomaji, ukirudi nyumbani ukakuta vilulu vidogo juu ya maua ya mama yako, usikimbilie kutafuta aliyevileta. Geuza kopo utazame kama lina tundu.

Kapita wa wanafunzi,
finalisti, Biolojia-Kemia